Asali ya Tumati Niliyoipandisha Melini

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu hapa Endasak kuulizia kazi za meli za watalii, maswali yenu nimeshayahesabu. La kwanza ni mshahara. La pili ni kama meli inazama. La tatu, hasa nyinyi mnaotoka Hirbadaw na bodaboda imewatikisa mpaka mmesahau mlichouliza, ni mshahara tena. Nimehesabu mara mbili, hakuna swali la chupa. Mtu anafunga begi, bibi yake anamchomekea chupa ya kitu chini ya nguo, anaondoka anapunga mkono. Sasa leo nawaandikia habari za chupa, maana chupa ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na chupa ndiyo iliyoniondoa kwenye kazi hiyo.

Mnaniita Mama Emanueli, mnanipa shikamoo, mnakaa, mnakunywa chai yangu. Mnachojua ni kwamba nilikuwa melini. Nilikuwa mlinzi wa mlangoni. Meli ikifunga bandarini, ngazi inashushwa, na pale juu ya ngazi kuna meza, mashine ya kupiga picha mabegi, na mtu asiyecheka. Mtu huyo alikuwa mimi.

Sheria yenyewe si ngumu. Meli inauza vinywaji, na inauza kwa bei ambayo ukiambiwa unakaa chini. Abiria anayepanda na pombe yake ni kama mtu anayekwenda kwa mama ntilie na chapati zake kwenye mfuko, anakalia benchi, anaomba na chumvi. Kwa hiyo kila mtu mzima aliruhusiwa kupanda na chupa moja ya mvinyo, siku ya kwanza tu. Nyingine zote tulizichukua, tukazifunga karatasi yenye jina na namba ya chumba, tukazifungia stoo, na asubuhi ya siku ya mwisho kila mtu alirudishiwa chake. Hiyo ni kwa abiria. Kwa sisi wafanyakazi, hata tone. Ukikutwa na pombe yako chumbani unashushwa bandari inayofuata, na nchi ya bandari hiyo huchagui wewe.

Abiria wana akili, msiwadharau. Nimeshika gini iliyotiwa rangi ya bluu kwenye chupa ya dawa ya kusukutua mdomo. Nimeshika wiski kwenye chupa ya shampuu. Nimeshika darubini ya kuangalia ndege ambayo ukizungusha kioo chake kumbe ni kifuniko, ndani mna konyagi ya kwao, jicho la kulia na jicho la kushoto.

Wenzangu walifundishwa darasani. Mimi nilikuwa nimeshafundishwa hapa hapa, kwa akina mama wauza gongo. Si mnajua mnywaji anavyotikisa chupa kabla hajalipa? Gongo kali linatoa mapovu makubwa, yanakimbilia juu yanakufa. Dawa ya mdomo ukiitikisa, povu linakaa kama la sabuni, halina haraka. Basi mimi kila chupa ya bluu nilikuwa naitikisa mbele ya mwenyewe, namwangalia yeye usoni, nairudisha mezani, naiangalia chupa. Siku ya kwanza mkuu wangu aliniona nikishika tatu mfululizo.

"Umefundishwa wapi hiyo?"

"Chuo."

"Chuo gani?"

"Cha jikoni."

Hakucheka, lakini tangu hapo aliniweka karibu yake. Huyo mkuu wa mlango aliitwa Thapa. Alikuwa Mnepali, mfupi, askari wa zamani, anatembea taratibu kama aliyeingia nyumba ya mtu. Tuliongea Kiingereza cha melini, kila mmoja akikivunja kwa upande wake, na aliniita dada mdogo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu mara mbili: mara ya kwanza kutoka mlangoni kwenda ndani, mara ya pili kutoka ndani kuja mlangoni, kwa sababu alisema macho yakienda njia moja yanazoea. Yeye pia alinifundisha kutoangalia begi linapopita. Angalia mkono ulioliachia. Mwenye nguo tupu huliachia begi lake mara moja. Mwenye chupa hulisindikiza na vidole mpaka mdomo wa mashine.

Siku moja mama mmoja mzee wa Kizungu alikuja na chupa mbili za mvinyo. Nikamwambia, mama, mtu mmoja chupa moja. Akasema wako wawili. Nikaangalia nyuma yake, hakuna mtu. Nikaangalia tena.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Mume wangu yuko ndani ya begi."

Kwenye picha ya mashine niliona kopo, na ndani ya kopo unga. Majivu. Wenzetu huko wakifa wengine huchomwa. Lakini kazi ni kazi, nikamwita Thapa. Thapa akaliinamia lile begi kwa heshima kabisa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ana tiketi?"

"Hana."

"Basi chupa yake tutamtunzia."

Tukaandika jina la marehemu kwenye karatasi, na asubuhi ya mwisho yule mama akaja kuichukua kwa niaba yake.

Nawaambia haya ili mjue tulikuwa watu gani kabla sijafanya nilichofanya.

Nilikuwa nimerudi likizo. Kabla ya kuondoka nilipanda Tumati, kijiji cha huko juu kwenye baridi, kumuaga mjomba wangu, Mzee Margwe, kaka yake mama. Wazee wa ukoo wetu wakikubariki kwa safari hawakupi maneno matupu. Mjomba alipiga funda la pombe ya asali kutoka kwenye kibuyu, akanipulizia kifuani na kwenye viganja, akasema maneno yake ya Kiiraqw mpaka akamaliza. Kisha akanisogezea kibuyu kikiwa bado kimejaa nusu.

"Hii haimwagwi," akasema. "Unakwenda nayo. Unainywa na watu mnaolala nyumba moja huko majini, msiogopane."

Mimi ni mtu wa kupatana bei. Nikaanza kupunguza.

"Mjomba, ile nyumba ina watu zaidi ya elfu."

"Kila mmoja tone."

"Haitatosha, mjomba. Tuseme wa chumbani kwangu."

"Wako wangapi?"

"Mmoja. Msichana wa Indonesia. Muislamu, hanywi."

"Watu elfu, nyumba moja, na unalala na mmoja, naye hanywi. Halafu unasema hiyo ni kazi." Akakigonga kibuyu kwa kidole. "Haimwagwi."

Mnaweza kucheka. Mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa, na katekista wetu hataki kusikia habari za kibuyu. Lakini mjomba ndiye aliyetuzika wote tuliozikwa, na akisema kitu hakimwagwi, mkono wa kukimwaga sina. Nikaiweka kwenye chupa ya soda ya plastiki, ya lita moja. Nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, kisha nikakaza tena.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa ambalo mtu wa pwani asingelifanya kwa sababu hana pombe hiyo. Pombe ya asali ina mizizi ya kuichachusha na inakuwa haijamaliza kazi yake. Ndani ya kibuyu inapumua, kile kizibo cha majani hakiifungi. Baridi ya Tumati nayo inailaza. Mimi niliichukua imelala, nikaifungia pumzi, nikaipeleka kwenye joto.

Meli niliikuta bandari ya mbali. Wafanyakazi nasi mabegi yetu yanapita kwenye mashine, na siku hiyo aliyekaa kwenye mashine alikuwa Thapa mwenyewe. Nililiachia begi langu mara moja. Nilikuwa najua la kufanya na mkono.

"Dada mdogo, hii chupa?"

"Asali. Ya kwetu."

Mnisikilize vizuri hapa. Sheria ilisema kimiminika chochote cha mfanyakazi kifunguliwe, kinuswe, ndipo aliyenusa aweke karatasi na saini yake. Kikija kugundulika ni pombe, mwenye saini anashuka pamoja na mwenye chupa. Thapa aliifuata sheria hiyo kwa kila mtu. Nimemwona akinusa mafuta ya nazi, akinusa maji ya baraka ya Mfilipino mmoja. Chupa yangu aliinua kwenye mwanga, akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Kwetu asali wanaikata kwenye majabali," akasema. "Wanashuka kwa kamba. Nitakuja na kijiko."

Hakufungua. Alibandika karatasi: asali, chakula. Akasaini.

Nilishuka ngazi za ndani kwenda chumbani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuaminiwa. Na kile kijiko! Kwa siku nne kila nilipomwona Thapa kwenye bwalo la chakula ameshika kijiko, niligeuza njia. Alikuwa anakula supu, masikini.

Chumba chetu kilikuwa chini kabisa, mabomba ya moto yanapita nyuma ya ukuta. Chupa niliiweka chini ya kitanda ndani ya sweta. Tulipoingia maji ya joto, mwenzangu Dewi, yule Muindonesia, aliniuliza:

"Kuna nini kinalia chini ya kitanda chako?"

"Hakuna."

"Kinasema sss. Kidogo kidogo. Halafu kinanyamaza."

Alipotoka nikaivuta. Jamani. Chupa ilikuwa imevimba. Kitako kilikuwa kimetoka nje kikawa cha mviringo, ukiisimamisha inaanguka. Ukiibonyeza haibonyei, imekaza kama mpira uliojazwa upepo kupita kiasi. Nikashika kifuniko nikilegeze kidogo tu, ikatoa mlio nikakikaza upesi, na harufu ikajaa chumba chote: asali, chachu, kibanda cha mjomba. Nilipeperusha taulo mpaka mikono ikauma.

Na saa sita mchana wa siku ile ile kipaza sauti kikatangaza ukaguzi wa vyumba vya wafanyakazi, saa tisa.

Nikahesabu njia zangu. Kuimwaga chooni: lazima niifungue, na ikifunguka itaruka mpaka dari, na mjomba amesema haimwagwi. Kuitupa baharini: kuna kamera kila mahali, na kutupa chochote baharini adhabu yake ni ile ile ya kushushwa. Kuiacha: ama wataiona, ama itapasuka. Na kitu kikipasuka ndani ya meli watu hawaulizi ni nini, wanakimbilia maboti. Nikahesabu tena kuanzia mwisho. Njia zilikuwa zile zile. Na kila njia ilipofika mwisho wake ilikuwa na saini ya Thapa, mtu aliyekuwa amebakiza mkataba mmoja aende nyumbani, ana binti anayesomea uuguzi kwa pesa ya ule mlango.

Ndipo shetani akanionyesha stoo. Mahali pa kuficha pombe melini ni kwenye pombe, na ufunguo nilikuwa nao.

Niliifunga kwa taulo, nikaibeba kama mtoto. Ule ukumbi mrefu wa wafanyakazi una watu wakati wote, wanasukuma mikokoteni, na kila gurudumu lililogonga kizingiti nilijua ni kifuniko kimeondoka. Nilisalimiwa, nikaitikia. Sijui niliitikia nini. Kule stoo niliibandua karatasi ya Thapa, nikabandika nyingine yenye jina nililolitunga na namba ya chumba niliyoitunga, nikaisukuma chupa nyuma ya wiski za watu. Nikafunga mlango. Nikapumua kwa muda wa kama dakika kumi hivi.

Kisha nikakumbuka kwamba ilikuwa siku ya kuhesabu stoo. Wahesabu ni wawili. Mmoja mimi, na wa pili mnamjua.

Thapa alihesabu kutoka mlangoni kwenda ndani, mimi nikiwa nimeshika daftari. Akasema namba. Haikulingana na ya daftari, ilizidi kwa moja. Akageuka, akahesabu kutoka ndani kuja mlangoni, polepole, akigusa kila shingo kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Chumba hiki," akasema akiisoma karatasi yangu, "meli hii haina."

Chupa ikasema sss.

Akaiinua. Pale nilipobandua karatasi ya kwanza pembe moja ilikuwa imebaki, na kwenye ile pembe mkia wa saini yake. Mtu anaujua mkia wa saini yake. Aliutazama, akanitazama, akautazama tena.

"Nyuki gani hawa, dada mdogo? Wanapumua."

"Ni pombe," nikasema. "Ya mjomba wangu. Nilikudanganya."

Alichofanya kwanza hakikuwa kugomba. Alisema, "Leta beseni. Leta mataulo. Sogeza chupa za kioo." Akakaa sakafuni, akaifunga chupa kwa taulo mbili, akaanza kulegeza kifuniko kwa unywele mmoja mmoja. Sss, anakaza. Anasubiri. Sss, anakaza. Mimi nimeshika kitako, nasikia kinatetemeka kwenye viganja vile vile mjomba alivyovibariki. Ilichukua muda mrefu kuliko misa. Mwishoni kifuniko kikatoka kimya, povu likapanda, likamwagikia kwenye beseni, na nilipoliona linamwagika nilianza kulia. Thapa alidhani naililia kazi. Nilikuwa naogopa vitu viwili kwa wakati mmoja, sikujua machozi ni ya kipi.

Kisha nikarudi kwenye nilichokijua, kupatana bei.

"Tuimalize hapa. Tuimwage, tuoshe beseni, daftari litalingana. Hakuna aliyeona."

"Wawili wameona."

"Basi tuseme ulinusa. Ulipoinusa ilikuwa asali, ikageuka yenyewe. Asali inaweza kugeuka. Nitaandika mimi, nitaapa mimi."

Alifikiri. Nawaapia alifikiri, niliona macho yake yakienda njia moja na kurudi. Binti, mkataba mmoja, kijiji chenye majabali. Kisha akasimama, akapangusa magoti.

"Andika ulichofanya wewe. Mimi nitaandika changu."

Saa kumi tulisimama mbele ya naibu nahodha, chupa iko mezani, karatasi mbili zipo mbele yake. Yangu ilisema nilimdanganya mkuu wangu. Nilikuwa nimeiandika kwa ujanja, bila kutaja kunusa. Niliona haina uongo, ina upungufu tu. Naibu nahodha akasoma zote mbili, akaniuliza mimi.

"Aliifungua? Aliinusa?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa kubwa kuliko mdomo. "Ndiyo" ingemwokoa. Nilikuwa nimeshalifikisha kwenye meno. Thapa hakunigeukia.

"Sikunusa," akasema. "Alikuwa yeye, kwa hiyo sikunusa."

Mnaonisoma mnategemea kwamba nilishushwa. Mimi nilikiri na chupa niliitoa, wakasema hivyo, na chumba cha kufulia kilikuwa na upungufu wa watu. Nikanyang'anywa ufunguo, nikapelekwa kufua mashuka, na nilifua mashuka mpaka nastaafu. Ndiyo maana habari za mlangoni ninazo za miaka michache tu, na za sabuni ninazo za kuwasimulia mpaka msinzie. Thapa ndiye aliyeshushwa. Kwa mkuu wa mlango, walisema, hakuna kosa dogo.

Bandari iliyofuata tulifika asubuhi. Nilikuwa na furushi la taulo mikononi, nikapita karibu na mlango kwa makusudi. Thapa alikuwa amevaa nguo za kiraia, sijawahi kumwona nazo, zilimfanya mdogo zaidi. Anayeshuka hakaguliwi. Lakini yeye alisimama kwenye ile meza, akaweka begi lake juu, akafungua zipu mwenyewe. Mlinzi mpya alikuwa ameshaanza kumpungia mkono apite, akiona haya kama sisi sote.

"Hapana," Thapa akamwambia. "Fungua kila chupa. Nusa."

Yule akafungua. Chupa ya mafuta ya nywele, chupa ya dawa ya kikohozi. Alinusa moja baada ya nyingine, watu wamejipanga nyuma wanasubiri. Thapa aliangalia mpaka ya mwisho ikafungwa. Kisha akachukua begi, akashuka ngazi, hakugeuka.

Namba yake ninayo kwenye simu hii hii mnayonipigia. Nimeihamisha simu hadi simu, kila nikibadilisha. Nimeibonyeza mara mbili tangu nistaafu, na mara zote mbili nimekata kabla haijaanza kuita, kwa sababu ninaogopa atapokea.